Miaka Sita Bila Kazi, Halafu Fomu Inakuuliza Uzoefu

Naandika kutoka Goweko. Kwa mgeni: Goweko ni kata ya Wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora, na ni stesheni ya reli ya kati. Treni ikitokea Dar inatupita ikiwa imebakiza kipande kidogo tu kuingia Tabora mjini. Kama uliwahi kununua karanga au asali dirishani huku usingizi bado uko machoni, huenda ulinunua kwetu na hukujua.

Leo sina umbea. Nina swali niliulizwa na jamaa mmoja na sikuwa na jibu, na linanisumbua mpaka leo.

Wiki iliyopita nilikuwa Tabora mjini kwenye kafe, nasubiri kompyuta. Pembeni yangu kulikuwa na kaka mmoja wa makamo, wa huku huku kwetu, tunajuana kwa sura. Akaniita: "Mdogo wangu, wewe umefika fomu foo, hebu njoo unisaidie hapa." Alikuwa na fomu ya maombi ya kazi. Jina, sawa. Namba ya NIDA, sawa. Elimu, darasa la saba, sawa. Halafu tukafika pale penye mstari unaosema taja uzoefu wako, jina la mwajiri, tangu lini mpaka lini.

Akanyamaza. Baadaye akanieleza. Yeye ni fundi nondo. Alisuka nondo za makalavati miaka minne kwa mkandarasi mmoja wa barabara. Mkandarasi akamaliza kipande chake, akakunja mahema, akaondoka. Hiyo ni miaka sita iliyopita. Hakupewa barua. Kitambulisho cha kazini walikirudisha siku ya mwisho. Msimamizi wake, namba haipatikani. Tangu hapo amelima, amebeba magunia stesheni, amechoma mkaa (hilo tusiliandike, alisema), lakini nondo hajashika tena.

"Sasa hapa niandike nini?"

Nikamwambia aandike hivyo hivyo alivyonieleza. Akacheka. "Nani atasadiki?"

Dakika zangu zikafika, nikaingia kwenye mashine, lakini ukweli sikufanya cha maana. Kwa sababu jamaa amegusa mahali ambapo mipango yetu yote ya ajira, na tumekuwa nayo mingi jamani, inapita pembeni.

KWANZA TUELEWANE NANI HANA KAZI

Watu wanaopima mambo ya kazi duniani wanamtenga mtu aliyekaa mwaka mzima au zaidi akitafuta kazi bila kupata. Wanamtenga na yule aliyeachishwa mwezi uliopita kwa sababu shida zao hazifanani. Wa mwezi uliopita bado ana namba za mabosi, bado wenzake wako kazini wanaweza kumshtua kukitokea nafasi. Wa miaka sita hana hivyo. Na kibaya zaidi, ule muda wenyewe unageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Mwajiri anajiuliza: kama huyu fundi kweli, mbona miaka yote hiyo hakuna aliyemchukua? Kwa hiyo hamchukui. Mwaka wa saba unaanza.

Kwetu huku mtu wa namna hiyo hata haonekani vizuri kwenye hesabu. Kipimo cha kimataifa kinasema ukifanya kazi ya kipato japo saa moja ndani ya zile siku saba kabla hujaulizwa, wewe una kazi. Fasili ya taifa letu ni pana kidogo, inajaribu kuwaona hata hawa wa kubahatisha. Lakini kwa kile cha kimataifa kaka yetu akiuza debe moja la karanga stesheni wiki hiyo, amekwisha kuhesabiwa. Na wazee wa kijijini nao wana kipimo chao: "Hana kazi vipi, jembe si lipo?"

Jembe lipo, ndiyo. Mvua zetu zinaanza Novemba, zinakatika Aprili hivi. Ukivuna mahindi na karanga za kula umemaliza, baada ya hapo ni kukaa. Tumbaku ndiyo yenye hela, na tumbaku bila pembejeo hailimiki, na pembejeo zinakuja kwa mkopo kupitia chama cha msingi. Asiye na jina kwenye chama hana pembejeo. Kwa hiyo mtu anakaa miezi sita ya kiangazi akiangalia treni, halafu anaambiwa mvivu.

HAPA NI BARABARA YA VIBARUA TANGU ZAMANI

Naomba nirudi nyuma kidogo, msichoke, nina sababu.

Karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikapenya pori la Mgunda Mkali, ikatokea Tura, Rubuga, Kigwa, mpaka Tabora. Tura na Kigwa bado ni kata za Uyui hadi leo, majirani zetu kabisa. Burton na Speke walipita huku wakafika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857. Na waliobeba mizigo njia hii kwa wingi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, kilo 30 na ushee, begani au kichwani, miezi mitatu njiani.

Shuleni tunapita hapo haraka sana, tunabaki na picha ya watu wenye minyororo shingoni. Watumwa walikuwepo, tena wengi, hilo halifichiki. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa vibarua wa kulipwa. Walipatana ujira wa nguo, walidai posho, na wakiona wanadhulumiwa walitua mizigo chini mpaka tajiri alainike. Walitoka kiangazi, na mvua zikikaribia walitaka wawe wamefika nyumbani walime.

Sasa fikiria mpagazi aliyekaa nyumbani misimu mitatu, labda mguu ulioza, labda alifiwa. Anataka kurudi njiani. Hakuna fomu. Yupo kirangozi, yule anayetangulia msafara, na wapo wenzake waliotembea naye. Wanajua huyu hubeba mpaka mwisho na yule hutoroka Ugogo na mzigo wa watu. Uzoefu wake ulikuwa umehifadhiwa kwenye vichwa vya watu, na watu hao ndio waliokuwa wanaajiri.

Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na upagazi wa njia ndefu ukafa. Baadaye watu wa magharibi wakawa wanakwenda mkonge, Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua, na huku kwetu magharibi wakapageuza ghala lao la watu. Hao ndio manamba. Walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30: siku uliyofanya kazi inatiwa alama, zikitimia 30 ndipo unapata mshahara wako. Ulikuwa unyonyaji mtupu, na mtu asije hapa chini kuniandikia kwamba nausifia ukoloni. Ninachosema ni kimoja. Hata yule mnyonyaji aliona siku ya kazi inatakiwa iandikwe mahali.

Baada ya uhuru tukajaribu njia nyingine. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya nguvukazi. Asiye na kazi Dar es Salaam alikamatwa, akasafirishwa akalime. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Ile ilikuwa dawa ya kumwondoa mtu barabarani asionekane, na kumrudisha kazini ni habari nyingine kabisa. Kilichobaki midomoni mwa wazee ni jina tu, leseni ya nguvukazi ya wachuuzi.

MABILIONI YAKAJA

Kizazi chetu tumekulia kwenye mipango ya mkopo. Ilani ya CCM ya mwaka 2005 iliahidi ajira milioni moja, na zikafuata fedha ambazo mtaani tuliziita mabilioni ya JK, shilingi bilioni 21, bilioni moja kwa kila mkoa wa bara wakati ule, zikapitia benki. Wengine mnakumbuka foleni zake. Mwenye dhamana alipata, asiye na dhamana alijaza fomu.

Ikaja mikopo ya halmashauri. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Nasema wazi, wazo ni zuri, na nawajua akina mama wa huku waliojikwamua nalo. Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya Mkaguzi Mkuu kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi vya kwenye makaratasi, na ikarudishwa mwaka wa fedha wa 2024/25 kwa utaratibu mpya.

Lakini mchukue kaka yetu wa nondo umpeleke kwenye mkopo huo uone. Kwanza anahitaji kikundi. Kikundi kinahitaji katiba, usajili, akaunti ya benki, andiko la mradi, barua ya mtendaji. Makao makuu ya halmashauri yetu yako Isikizya, barabara ya Nzega. Mtu wa Goweko anafika kwanza Tabora mjini, anashuka, anapanda gari nyingine. Afisa akiwa kikaoni unarudi wiki ijayo, kwa nauli nyingine. Mtu ambaye hajashika mshahara miaka sita, nauli mbili za kwenda na kurudi ni magunia mangapi ya kubeba stesheni? Piga hesabu mwenyewe.

Hilo la nauli kila mtu analisema. Kuna jingine ambalo halisemwi, nalo kwangu ndilo kubwa. Dhamana ya kikundi ni wanakikundi wenyewe. Mmoja asiporejesha, wote mnawajibika. Sasa wewe una pikipiki yako, mwenzio ana banda la chipsi, mwingine ana cherehani. Mnatafuta mtu wa tano. Mtamchukua nani, aliyekaa miaka sita bila kazi? Hamumchukui. Hata mimi nisingemchukua, nasema ukweli. Na afisa naye anapimwa kwa marejesho, hivyo anapenda kikundi ambacho tayari kina biashara. Hakuna aliyekula rushwa hapo, hakuna aliyeonea mtu. Kila mmoja katumia akili yake ya kawaida, na mwisho wa siku mpango wa wasio na kazi umewachukua wenye kazi.

Umri nao ulikuwa unamtupa nje. Sera yetu ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuwa ni wa miaka 15 mpaka 35. Kwa kipimo hicho mtu aliyeachishwa na miaka 30, akasubiri sita, alitoka kwenye ujana akiwa kwenye foleni ya vijana.

Mengine nayapitia haraka. Mafunzo ya uzoefu kazini, yale ya kupelekwa ofisi fulani ujifunze kazi kwa vitendo, walengwa ni waliomaliza vyuo. Sisi wa fomu foo tunasoma tangazo mpaka mwisho kwa heshima tu. Mafao ya NSSF ya kukosa ajira, yaliyokuja na sheria ya 2018, ni kitu cha maana: theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Ila lazima uwe umechangiwa angalau miezi 18 na usiwe umeacha kazi mwenyewe. Kibarua wa kulipwa jioni mkononi hajui hata NSSF inafananaje.

SIKU 60

Katika yote, uliomkaribia mtu wetu ni TASAF, zile ajira za muda. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulipoanza kusambaa baada ya 2012, pamoja na ruzuku kulikuwa na kazi: kuchimba lambo, kutengeneza barabara ya kijiji, kupanda miti. Siku 60 kwa mwaka, siku 15 kila mwezi kwa miezi minne, na ujira ulianzia shilingi 2,300 kwa siku. Na walilenga kuiweka wakati ambao shamba halina kazi. Yaani baada ya zaidi ya miaka mia mtu amekumbuka tena kwamba Mnyamwezi hufanya kibarua kiangazi.

Hela ndogo, najua. Lakini angalia ilivyojengwa. Hakuna CV. Hakuna dhamana. Kazi iko kijijini, nauli hakuna. Hakuna anayekuuliza miaka sita ulikuwa wapi. Unakuja na mikono yako saa moja asubuhi, basi. Kwa mtu aliyekaa muda mrefu hicho ndicho kilichokuwa kinakosekana, mlango usio na fomu.

Kasoro ni mbili. Ya kwanza, ulikuwa wa kaya zilizoandikishwa kwenye mpango tu, na kuandikishwa ni habari nyingine ya kikao cha kijiji ambayo leo siiwezi. Ya pili ndiyo inayoniuma: siku ya 60 ikiisha, umerudi pale pale. Umefanya kazi miezi minne, umewahi, umemaliza, msimamizi ana daftari lake lenye jina lako kila siku. Wewe mwenyewe una nini mkononi? Huna hata karatasi. Ukienda kwa mkandarasi mwezi unaofuata, bado wewe ni mtu wa miaka sita bila kazi.

Wahindi kwenye sheria yao ya mwaka 2005 waliahidi kaya ya kijijini siku 100 za kazi kwa mwaka, na kila kaya ikapewa kadi ya kazi, kijitabu kinachoandikwa siku zilizofanywa na malipo. Sitaki kuwapamba, malipo yao yalichelewa mno na wizi wa majina hewa ulikuwepo. Lakini kijitabu kilikaa nyumbani kwa mfanyakazi. Majirani zetu Kenya walikuwa na Kazi kwa Vijana mwaka 2009, ikaishia kwenye kelele za fedha kutumika vibaya. Halafu mwaka 2020 wakati wa korona wakaja na Kazi Mtaani, vijana wakasafisha mitaro na kufyeka kwa shilingi 455 za Kenya kwa siku. Iliisha mwaka 2022. Vijana wakarudi vijiweni. Mitaro ilikuwa safi, hilo lazima tukubali.

HATA CHETI, KAZI ZIKO WAPI?

Najua kuna mdau ameshashika kibodi aniandikie: wewe unaongelea makaratasi, hata huyo jamaa akipewa makaratasi debe zima, kazi ziko wapi hapo Goweko?

Hoja ya haki. Karatasi haichimbi mtaro wala haifungui kiwanda. Pale Tabora mjini tuna kiwanda cha nyuzi ambacho wazee wetu walifanya kazi kweli kweli, na kilivyonyamaza hakuna cheti cha mtu kilichokiamsha.

Lakini tusidanganyane kwamba huku hakuna kazi kabisa. Zipo, zinakuja na kuondoka kama mvua. Lami ya Nyahua mpaka Chaya ilijengwa ikaisha. Mkataba wa SGR kipande cha Makutupora mpaka Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021, na ukafuata wa Tabora–Isaka, na Tabora–Kigoma. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda kwenda Tanga linapita mkoa wetu, na pale Sojo wilayani Nzega kikazinduliwa kiwanda cha kuyapaka mabomba mwaka 2024. Kila mradi unachukua watu, unakaa miezi au miaka, unawaacha. Kwa hiyo swali la mtu wa huku si la kupata kazi ya maisha, hiyo tuiache kwanza. Swali ni hili: mradi wa kwanza ukikuacha, wa pili utakujuaje?

Zamani kirangozi alikujua. Leo mradi wa pili unakuja na watu wengine kabisa, mhandisi hajui Goweko wala Igalula, anaangalia karatasi. Asipoiona, anachukua aliowazoea, anakuja nao kutoka alikotoka. Tunabaki kulalamika kwamba wageni wamechukua kazi zetu. Mara nyingine ni upendeleo, sikatai. Lakini mara nyingine kijana wa hapa aliyesuka nondo miaka minne na kijana wa hapa ambaye hajawahi kushika koleo wanafanana kabisa mbele ya dirisha la mwajiri, wote mikono mitupu.

Na dawa ya hili imeandikwa tayari, ndiyo maana nakasirika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Inamtaka, haimwombi. Hati inayosema fulani alifanya kazi kwangu. Mimi nimeuliza watu kumi na moja hapa stesheni na kijiweni waliowahi kufanya kazi kwenye miradi. Aliyewahi kuiona hati hiyo ni mmoja, na alikuwa dereva. Wengine walidhani namaanisha barua ya kufukuzwa.

Ukinyimwa haki yako iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ina ofisi mikoani. Lakini ina saa yake: ugomvi wa kuachishwa unapeleka ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Mtu wa miaka sita kesi yake imeshaoza. Ndiyo maana nakwambia wewe unayesoma hapa na bado uko kazini: idai kabla hema halijakunjwa, wakati msimamizi bado anakujibu salamu.

Na kwa ambaye hema lilishakunjwa, upo mpango mmoja ambao sijui kwa nini haupigiwi ngoma kama mikopo. Unaitwa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. VETA wanaufanya, na umo kwenye Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi iliyoanza 2016. Unavyokwenda ni hivi: wewe ni fundi wa mtaani, uashi, useremala, magari, hata mapishi. Hukupita chuo. Wanakupima kwa kazi yenyewe. Palipopungua wanakunoa, halafu unapata cheti. Hawakuulizi miaka sita ulikuwa wapi, wanakuuliza fanya tuone. Soma tena hapo. Ni kirangozi kamili, ila anavaa ovaroli.

Mikopo inaanza na hela na inadhani mtu yuko tayari. Huu unaanza na mtu mwenyewe, kwamba anajua kitu na hakuna anayemwamini. Kwa mtu aliyekaa muda mrefu hiyo ndiyo hatua ya kwanza, hela ni ya pili. Akiwa na cheti hata kile kikundi cha wenye pikipiki kitamtazama kwa jicho lingine.

Tatizo ni lile lile la Isikizya. VETA ya mkoa iko Tabora mjini. Wapimaji wakija kwetu wiki moja kiangazi, wakaweka benchi pale stesheni, nondo, matofali, injini moja mbovu, nadhani wangeshangaa. Mafundi wa genge la reli waliopunguzwa enzi za ubinafsishaji wamefundisha watoto wao uani, hakuna aliyewapima. Na ile miradi ya siku 60, ya TASAF au itakayofuata kwa jina lolote, mtendaji ana mhuri mezani. Kugonga muhuri kwenye karatasi inayosema fulani alifanya siku 60 na hakukosa hata moja kunagharimu wino.

Juzi nilikutana tena na yule kaka. Nikamuuliza ile fomu aliandika nini. Akasema alikaa, akahesabu makalavati aliyosuka nondo zake, saba, yote bado yapo barabarani yanapitisha maji. Akayaandika yote saba kwenye ule mstari wa uzoefu, kwa mpangilio, lipo karibu na kijiji gani, na pembeni akaandika majina ya wenzake watatu waliofanya naye na namba zao za simu. Pale penye jina la mwajiri na tarehe ya mwisho akaacha wazi.

"Wakitaka waende wakapime," alisema.

Hawajampigia bado. Kama kuna mdau aliyepitia urasimishaji VETA Tabora, atuandikie hapa chini ilimchukua siku ngapi na ilimgharimu shilingi ngapi. Jumamosi nakwenda tena mjini, nitachapa majibu yote nimpelekee.